Siku Nilipoifua Juisi ya Rozela

Rangi ya juisi ikipotea, huwa inakwenda wapi?

Swali hilo niliulizwa na MC, kwenye maiki, mbele ya ukumbi mzima uliovaa maruni, na mimi, mwenye shahada ya kemia iliyotiwa fremu na kutundikwa sebuleni juu ya televisheni, nilifungua mdomo, nikaufunga, nikaufungua tena kama samaki wa soko la Feri anayeshangaa kwa nini leo maji yamekauka. Naona aibu kuusimulia mkasa huu, lakini kwa kuwa kila aliyekuwepo ameshausimulia kwa namna yake (kuna toleo linalozunguka Kariakoo ambamo nimelipua mtungi wa gesi, na jingine ambamo nimetumwa na mwanaume aliyeachwa na dada yangu), bora niusimulie mwenyewe, angalau nionekane mjinga kwa kiwango changu halisi.

Kwanza mnijue. Naitwa Aika, na mimi ni mtu wa kuuliza. Nikiambiwa usilale na nywele mbichi utaumwa kichwa, nauliza nani kapima. Mchungaji akisema sadaka hurudi mara dufu, nauliza baada ya muda gani. Mama anasema nilipozaliwa sikulia, nilihoji. Kemia niliisoma chuo kikuu, na niliisoma kweli, ila mambo mengi tuliyasoma bila kuyaona: unafika maabara unaambiwa kemikali imeisha, chukueni majibu ya wenzenu wa mwaka jana mchore grafu, nasi tunachora grafu nzuri ajabu. Kwa hiyo chumvi za salfaiti nilizijua sana. Fomula zake ningekuandikia nimefumba macho. Kuzishika kwa mkono, sikuwahi. Nilipohitimu nikarudi dukani kwa mama, Kariakoo, tunakouza vitenge kwa jumla, nikawa nahoji wateja.

Sasa, dada yangu Doreen alikuwa anaagwa. Sherehe yenyewe, sendofu kama tunavyoiita, ilikuwa kwenye ukumbi mmoja jirani na Mnazi Mmoja, na kamati ilikaa vikao vingi kuliko Bunge, ikaamua mambo yote, likabaki moja tu ambalo mama aliwaambia wasiliguse: ndizi. Mpishi wa kukodi apike pilau, kuku na makorokoro mengine, lakini machalari, zile ndizi zetu za Kilimanjaro zinazopikwa na nyama mpaka zilainike, angepika yeye mwenyewe. Kisa ni Mama Eli, mama wa bwana harusi. Siku walipokuja kujitambulisha, huyu mama alionja machalari ya mama yangu, akaweka kijiko pembeni taratibu, akasema kwa sauti tamu kabisa, "Si mbaya. Za mjini huwa hivi."

Si mbaya! Mama alitabasamu, akawasindikiza wageni mpaka kwenye gari, akarudi ndani akasugua sufuria moja mpaka taarifa ya habari ikaisha. Kuanzia hapo hakuwa na ombi jingine kwa Mungu. Hakuomba mahari iongezwe, hakuomba mvua isinyeshe. Alitaka kitu kimoja tu: Mama Eli ale ndizi zake mbele za watu, amalize, kisha aombe aongezewe.

Asubuhi ya sherehe, uani nyuma ya nyumba, wanawake wa ukoo walikaa kwenye vigoda kuzunguka mikungu ya mshare, ndizi zetu za kupika. Mama alikuwa amempeleka Doreen saluni, usimamizi akamwachia Shangazi Manka, dada yake marehemu baba, mwanamke mwenye mikono ya kunyonga jogoo na sauti ya kumfufua. Kazi huwa hivi: unapaka mafuta mikononi ili utomvu usikunase, unamenya, unatupia ndizi kwenye beseni la maji yaliyokamuliwa ndimu. Ila joto la Dar si joto la Kibosho, kule kwetu mlimani, na ndizi zilikuwa nyingi, na maneno yalikuwa mengi zaidi, kwa hiyo za chini zilishaanza kuwa na rangi ya chai. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, kucha zangu zimepakwa maruni jana yake, natafuta sababu ya kisayansi ya kutokaa.

"Shangazi, hivi kwa nini tunatia ndimu?"

"Zisiwe nyeusi."

"Mbona zinakuwa nyeusi?"

"Zingekuwa nyeusi zaidi."

"Kuna mtu alishawahi kumenya bila ndimu akalinganisha?"

Shangazi aliweka kisu mapajani. "Aika mwanangu, wenzako wanamenya ndizi, wewe unamenya maneno. Kama mna dawa yenu huko chuo, ilete. Kama huna, hiki hapa kisu."

Wanawake walicheka mpaka mmoja akaangusha ndizi. Ningechukua kile kisu, jamani, leo msingekuwa mnasoma haya. Kucha zingeharibika, basi, yangeishia hapo. Lakini mimi nikasema, "Sawa, naileta," nikavaa kandambili nikatoka.

Nilikwenda kwa Bwana Kirit, mzee wa Kihindi mwenye duka la kemikali upande wa kuelekea mjini, anayewauzia watengeneza sabuni, watu wa batiki na wenye viwanda vidogo. Duka lina harufu ya ubani na klorini kwa pamoja, na kwenye kirafu juu ya kaunta kuna mungu wake aliyevishwa maua, katikati ya madumu ya asidi.

"Shikamoo, Bwana Kirit."

"Marahaba, dada. Mama mzima? Nasikia harusi."

"Sendofu. Nataka kitu cha kuzuia ndizi zilizomenywa zisiwe nyeusi."

Hakuwaza hata kidogo. Alichota unga mweupe kutoka kwenye gunia, chembe ndogondogo kama sukari, akaumimina kwenye mfuko wa nailoni. "Meta hii. Sodiamu metabisalfaiti."

Nilifurahi kama niliyekutana na mtu niliyemfahamu kwenye simu tu. Ndugu yake salfaiti! Nikainama kunusa (kemia tuliyosoma ilikataza, lakini tulisoma bila kitu cha kunusa), pua ikawaka, harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi.

"Ni salama?"

"Dada, hii kitu kila mahali. Kiwanda cha karatasi wanatumia, karatasi iwe nyeupe. Kiwanda cha nguo wanatumia kutoa klorini kwenye pamba. Ngozi wanatumia. Kwenye boila wanaweka ndugu yake, bomba lisioze kwa kutu. Wapiga picha wa zamani, wale wa chumba cha giza, wote walikuwa wateja wa baba yangu. Kamba wa baharini wale wakubwa, unajua kichwa kinakuwa cheusi? Wakichovya kidogo, hakiwi. Zabibu kavu, viazi vya chipsi, vyote."

"Mimi nimeuliza kama ni salama, wewe umenitajia wateja."

Alicheka. "Wewe bado hujaolewa, eh?"

Nikamhoji inavyofanya kazi, na hapo tukaelewana, kwa sababu jibu nililijua: oksijeni ya hewani ndiyo inayoifanya ndizi iwe nyeusi, na unga huu una uchu wa oksijeni kuliko ndizi, unaidaka njiani kabla haijafika. Ndiyo maana unazuia kutu, ndiyo maana unazuia weusi. Kazi moja, viwanda mia. Niliona fahari kana kwamba nimeugundua mimi.

"Natia kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kidogo kidogo. Kama chumvi."

Mimi, ninayemuuliza mchungaji sadaka inarudi baada ya muda gani, nililipokea jibu hilo, nikasema asante, nikaondoka.

Uani nilimwaga maji yao ya ndimu kwa dharau ambayo sasa naikumbuka kwa uchungu, nikajaza mapya, nikatia unga, nikatumbukiza ndizi. Hazikuwa nyeusi. Siyo kwamba zilichelewa kuwa nyeusi, hazikuwa kabisa. Hata zile za rangi ya chai zilirudi kuwa za njano ya siagi, na za juu zilikuwa nyeupe kama meno ya mtoto. Wanawake waliacha kumenya wakaja kuangalia. Shangazi Manka alitoa moja, akaipindua huku na huku kama anayekagua noti, akairudisha.

"Haya," alisema. Na Shangazi Manka akikwambia haya, umeshatunukiwa.

Mama aliporudi na Doreen tulikuwa tumezisuuza, zimejaa masufuria zinang'aa. Alisimama, akashika kifua. "Jamani. Hizi ndizi ni za wapi?"

"Ni zilezile, wifi," alisema Shangazi. "Ni mkono tu."

Mama hakuuliza zaidi. Alikuwa na kanga kichwani na moto wa kuwasha, alianza kupika huku akiimba pambio. Nami badala ya kukaa na ushindi wangu kimya kimya, nikaanza kutafuta kitu kingine cha kuokoa. (Nadhani hata wakoloni walianza hivi.)

Kitu chenyewe kilikuwa juisi. Mama ameokoka, hakutaka pombe kwenye meza ya mwanawe, kwa hiyo kwenye kugonganisha glasi, pale watu wanapopanga foleni kuja kugonga na bibi harusi na kucheza kurudi mezani, tungetumia juisi ya rozela. Rozela kwa sababu ni nyekundu iliyokolea, maruni kabisa, rangi ya sherehe. Kamati ilipiga kura juu yake. Ndoo mbili kubwa zilikuwa zimekaa kivulini tangu asubuhi, barafu imeshayeyuka, na nilimsikia mama akisema huku anakoroga sufuria, "Hii juisi ikichacha kabla ya saa ya glasi, nitajizika."

Basi nikaona, kama unga unalinda ndizi, utalinda juisi. Kidogo, kama chumvi. Lakini ndani ya nyumba yetu chumvi nimejifunza kwa mama, na mama hutia chumvi kwa kiganja. Nikatia kiganja ndoo ya kwanza, kiganja ndoo ya pili, kisha nikaangalia ukubwa wa ndoo nikaongeza, kila moja. Unga ukazama chini. Sikukoroga, maana niliitwa kufunga zipu ya mtu. Nikafunika. Ndoo zikapakiwa kwenye kirikuu, na kile kigari, kwa mashimo ya barabara zetu, kikanikorogea vizuri sana.

Ukumbini mambo yalikwenda kama video. Mapambo maruni, viti maruni, Mama Eli kajifunga kilemba cha maruni kirefu hivi kwamba mchungaji aliyekaa nyuma yake aliiangalia sherehe kwa vipande. Doreen alikuwa mzuri mpaka nikasahau kumhoji. MC, kijana mmoja mwenye koti linalometa na sauti ya kuuza redio, akafika kwenye kipengele chetu.

"Ukumbi mko poa?"

"Poa!"

"Sasa, mama mzazi anasema hapa leo hakuna kilevi, leo tunagonga kwa juisi ya rozela iliyotengenezwa kwa mikono yake mwenyewe, rangi ya upendo, rangi ya maruni! Vijana wa glasi, tokeni! Muziki!"

Pazia likafunguliwa, wahudumu wakatoka wanacheza, trei juu, glasi zimejaa, na ndani ya glasi kulikuwa na kitu cha njano iliyopauka. Sitaki kusema kilifanana na nini. Ninyi ni watu wazima. Mtoto mmoja wa meza ya mbele hakuwa mtu mzima, alisema kwa sauti kubwa kilifanana na nini, na mama yake akamziba mdomo akiwa amechelewa.

Muziki ukazimwa. Mhudumu wa kwanza akabaki kaning'iniza mguu mmoja. Nilimtazama mama. Alikuwa anatazama zile glasi kama mtu anayeangalia nyumba yake ikibomolewa na tingatinga, akiwa na hati mkononi.

MC, kazi yake ni kujaza ukimya, akacheka. "Ebwana eeh. Mimi niliambiwa maruni! Hivi jamani, rangi ya juisi ikipotea, huwa inakwenda wapi?" Ukumbi ukacheka. Angeishia hapo, lakini akakumbuka kitu. "Si tumetambulishwa hapa dada wa bibi harusi ana digrii ya kemia? Yuko wapi mtaalamu? Makofi kwa mtaalamu! Njoo utupe majibu!"

Nilisukumwa mbele. Maiki ikawekwa mdomoni. Ndipo nilipokuwa samaki wa Feri. (Sasa najua: haiendi popote. Salfaiti inajibandika kwenye rangi nyekundu ya ua la rozela, na rangi hiyo ikishabandikwa haionekani, kama mtu aliyefunikwa shuka. Lakini usiku ule nilijua kitu kimoja tu, kwamba viganja vinne vilikuwa vyangu.) Na badala ya kusema sijui, neno ambalo nimewadai watu wengi sana walitamke, nikasema:

"Hii ni... rozela nyeupe."

"Rozela nyeupe!" MC akapokea kwa furaha. "Mmesikia? Toleo maalumu!"

Mama Eli akainuka. Taratibu, pamoja na kilemba, akachukua glasi kwenye trei, akainusa. "Mwanangu, mimi rozela nimelima. Nyeupe haiwi ya njano hivi, na haina harufu ya kiberiti. Hebu kunywa wewe kwanza tuone."

Ukumbi wote, "Anywe! Anywe!" Nikachukua glasi. Nikanywa funda moja tu, maiki ikiwa bado mdomoni, na kikohozi kilichonitoka kilipita kwenye spika zote sita za DJ, kikarudi, kikapita tena.

Hapo ndipo Shangazi Manka alipoamua kuniokoa, Mungu ambariki. Anajua, kama kila mtengeneza juisi anavyojua, kwamba rozela ikififia unaikamulia ndimu na wekundu unarudi. Ni kweli kabisa, kwa rozela isiyo na unga wangu. Yeye alikuwa amekuja na mfuko mzima wa ndimu, zile za asubuhi nilizozidharau. Kumbe alikuwa nyuma ya pazia kitambo, anakata na kukamua, anakata na kukamua, ndoo zote mbili, na kila aliyesoma kemia kwa vitendo anajua ukiitia asidi salfaiti unapata nini. Unapata gesi. Gesi ileile ya kiberiti, ila siyo ya njiti moja, ya kiwanda.

Harufu ilitangulia. Halafu macho yakaanza kuwasha meza ya kamati. Halafu feni kubwa ya ukutani, iliyolipiwa na kamati hiyohiyo, ikaichukua gesi ikaigawa kwa usawa ambao sijawahi kuuona kwenye ugawaji wa kitu chochote nchini. Kohokoho zikazagaa. Mtu mmoja, na mpaka leo hajulikani, akapiga kelele:

"Bomu la machozi!"

Jamani, watu wa Dar hawahitaji kuambiwa mara mbili. Viti vilianguka, viatu virefu vilibebwa mkononi, na mlango wa ukumbi ulipitisha watu kwa namna ambayo fundi wake hakuikusudia. Wazee wawili wa upande wa bwana harusi waliiokoa ndafu, yule mbuzi mzima wa kubanikwa, wakiwa wamembeba kama majeruhi. Bibi harusi alijiokoa mwenyewe.

Tukajaa barabarani, watu wote wa maruni, tunalia. Bodaboda mmoja akasimamisha pikipiki, akatutazama kwa heshima.

"Mnadai nini, ndugu zangu?"

"Hewa!" Shangazi Manka akajibu, ameshika magoti, anakohoa.

"Hata hiyo wamebana?" akauliza bodaboda, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaondoka. Kabla hatujapata pumzi, machinga walikuwa wameshafika na maji ya chupa na vitambaa. "Leso za bomu, mama, leso za bomu!" Sijui huwa wanazitunza wapi.

Madirisha yakafunguliwa, ndoo zikamwagwa nyuma huko, hewa ikasafishika, na namshukuru Mungu hakuna aliyeumia zaidi ya macho mekundu na kope za bandia kuhama. Watu wakarudi. Lakini walirudi na kitu ambacho hakikuwepo walipotoka. Kilianza meza ya mwisho, kikapanda mbele: vyakula vimetiwa dawa. Pilau ilisamehewa, maana ililetwa na mpishi kwenye gari lake. Ndizi zikawa peke yake. Mama alikuwa amesimama nyuma ya masufuria yake, upawa mkononi, na foleni ya chakula ilikuwa inafika kwake kisha inapinda, kama maji yanavyopita jiwe.

Mama Eli alifika mbele yake na sahani tupu. Alizitazama zile ndizi, nzuri, zimelainika, nyama imekolea. Akageuka kunitazama mimi.

"Na hizi umezitia?"

Ningeweza kusema hapana. Sauti ilikuwepo, uongo mmoja nilikuwa nimeshauanza. Lakini mama alikuwa ananiangalia kwa uso wa mtu ambaye hajui, ambaye alidhani kweli ni mkono tu, na nikashindwa.

"Nimezitia. Kabla ya kupikwa. Tulizisuuza."

"Aika," mama akasema. Basi, jina tu. Afadhali angenipiga.

Mama Eli akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu. "Hamna shida, mama Doreen. Mimi nitakula nyumbani." Akarudi kukaa meza ya mbele.

Mama alishusha upawa. Kisha akaniambia nimletee sahani. Nikaleta. Akajipakulia mwenyewe, sahani ikajaa, akaenda nayo meza ya mbele, akakaa mkabala na Mama Eli, akafunga macho akaombea chakula, akaanza kula. Hakuharakisha. Watu wote wa pande mbili za ukoo walikuwa wanamtazama wanangoja aanguke. Alikula mpaka akafuta mchuzi kwa kipande cha mwisho, akanyoosha sahani bila kunitazama.

"Niongezee."

Nikamwongezea huku machozi yananitoka, na safari hii hayakuwa ya gesi. Shangazi Manka akavuta kiti akakaa naye, kisha Doreen, na gauni lake lote, akaja akakaa. Wakala watatu. Mama Eli alikaa pale na sahani yake tupu mapajani, akatazama mpaka mwisho, na hakula.

Na glasi? Glasi ziligongwa. Mjomba wa bwana harusi alitoka akaenda kwenye gari, akarudi na makatoni ya divai nyekundu ya chupa. "Hii ni ya kiwandani," akatangaza, "imefungwa, imezibwa, haina kemikali za watu!" Watu wakashangilia. Rangi ilikuwa maruni kamili. Mama akatazama meza, mchungaji akatazama feni, na sherehe ikaendelea mpaka ikaisha kwa furaha kubwa ya kila mtu isipokuwa watu wawili.

Ndizi zilizobaki zilirudi nasi Kariakoo, na kesho yake wapagazi wa mtaani kwetu walizimaliza, wakauliza kama kuna dada mwingine wa kuaga. Hakuna aliyeumwa. Nilisoma baadaye kwamba kuchemsha huifukuza sehemu kubwa ya gesi ile, inatoka na mvuke. Nilimweleza mama. Alisema, "Kamwambie Mama Eli." Sikwenda.

Nimeapa mambo mawili. Sitatia kitu kwenye chombo cha mtu bila kumwambia mwenye chombo, na siku nyingine nikitaka kuuliza "nani kapima," nitaanza na kiganja changu. Kwenye misiba na harusi za ukoo sasa nakaa kwenye kigoda, namenya, nakamua ndimu, kucha zangu zina rangi ya utomvu, na ndizi zinakuwa nyeusi kidogo kama kawaida yake, na siulizi.

Doreen anaishi vizuri na wakwe zake. Zaidi ya mwaka baada ya sherehe nilikwenda kumsaidia usafi, nikakuta chupa moja ya ile divai ameiweka dirishani, kaifanya chombo cha maua. Niliitoa kuiosha. Nyuma yake kuna karatasi yenye maandishi madogo ambayo usiku ule hakuna aliyeyasoma, na mstari wa mwisho, chini kabisa, unasema ina salfaiti. Kumbe karibu kila divai huwa nayo, hutiwa kiwandani isiharibike. Nakumbuka Mama Eli aliisifia sana. Aliomba aongezewe.